Kutafuta Nyumba ya Jamaa Ugenini

Katikati ya barua za juma hili, nyingi zikiwa habari za vigango na malalamiko ya magazeti yaliyochelewa, imo moja ambayo hatukuweza kuiweka chini upesi. Ameiandika mama wa watoto watatu, wa miaka 9, 7 na 4. Mumewe ni mwuguzi. Alikwenda Ujerumani miaka miwili iliyopita, akajifunza lugha, akafanya mitihani, na mwaka jana vyeti vyake vikatambuliwa. Sasa anafanya kazi wodini katika hospitali ya mji mmoja wa kule, na analala katika chumba kimoja cha bweni la wauguzi. Kila mwezi fedha hufika nyumbani, na kila Jumapili jioni sauti yake hufika kwa simu. Ila yeye hafiki, wala jamaa yake haiendi kwake, maana nyumba haijapatikana. "Mtoto wetu wa mwisho," aandika mama huyu, "akiulizwa baba yuko wapi huonyesha simu kwa kidole. Je, ni kweli kwamba katika nchi tajiri namna ile nyumba haipatikani, au liko jambo ninalofichwa?"

Tungaliweza kumjibu kwa faragha, lakini twajua swali lake ni la wengi. Tarehe 13 Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mapatano juu ya wafanyakazi wa kwenda kule, na katika miji yetu pia twawaona vijana wakijifunza Kijerumani kwa nia ya kwenda kuuguza wagonjwa. Katika safari hizo husemwa sana juu ya pasi, viza na mshahara. Juu ya nyumba husemwa kidogo, kana kwamba nyumba humngojea msafiri kama kiti chake katika ndege. Na kutokana na ukimya huo ndipo hutokea wasiwasi kama ule wa mama wetu, nao wasiwasi ukikaa muda mrefu kati ya mume na mke hula ndoa kama mchwa alavyo nguzo.

Basi mama, tukujibu kwanza lile la moyoni. Mumeo hatumjui, wala hatuwezi kumtolea ushahidi. Lakini habari anayokupa juu ya nyumba yalingana kabisa na ile tuliyoisikia kwa watu wengine waliokwenda kule kabla yake. Ni kweli, nyumba ni ngumu.

Yatupasa pia kukiri kwamba sisi si mabingwa wa jambo hili. Tulipokuwa seminarini tulipewa kitanda, kabati na zamu ya kufagia, na tangu siku ile hadi leo hatujapata kulala usiku hata mmoja tukifikiri kodi ya mwezi ujao. Haya tutakayoyasema tumeyapata kwa sheria za nchi ile na kwa watu waliopita njia hiyo kwa miguu yao.

Tuanze na tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Mgeni aingiaye Dar es Salaam akitafuta chumba humwendea dalali, humlipa kwa kumzungusha, humpa na ujira wake, ambao mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, kisha mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima. Ni mzigo mzito, na tumekwisha kulilalamikia jambo hilo. Lakini mwenye fedha mkononi huweza kuhamia jioni ile ile na godoro lake. Kule Ujerumani kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, wala hakuna adaiye ya mwaka. Bali mwenye nyumba hutaka kwanza kuona karatasi. Na nyumba moja huombwa na watu wengi mno. Mtu mmoja alitusimulia kwamba alipokwenda kuangalia nyumba katika mji mkubwa alikuta watu wamejipanga ngazini toka chini hadi ghorofa ya tatu, kila mmoja na jalada lake kwapani, akadhani ni watu wa mazishi.

Sababu zake si fumbo. Zaidi ya nusu ya wakazi wa nchi ile hupanga, hawamiliki nyumba. Kazi nyingi ziko katika miji mikubwa, kama Berlin, Hamburg, Frankfurt na München, na watu humiminika huko. Na ujenzi umebaki nyuma: serikali iliyoingia mwaka 2021 iliahidi nyumba mpya 400,000 kila mwaka, lakini mwaka 2024 zilimalizika kama 252,000 tu. Kwa hiyo hata Mjerumani mwenyewe, mwenye jina la Kijerumani na babu aliyezaliwa mtaa ule ule, huhangaika. Mgeni huhangaika zaidi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huenda ndilo linalomkwamisha ndugu yetu huyu. Mama aandika kwamba mumewe ameambiwa na wenzake: bila nyumba yenye mita za mraba za kutosha, serikali haitawapa ruhusa mke na watoto. Hesabu yenyewe ni hii: mita 12 kwa kila mtu aliyepita miaka 6, na mita 10 kwa mtoto aliye chini ya hapo, mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hahesabiwi. Kwa jamaa hii basi, baba, mama na watoto wawili wakubwa ni mita 48, na yule mdogo 10, jumla 58, pamoja na jiko na choo cha kutumia. Upungufu wa kama sehemu moja katika kumi huvumiliwa.

Wenzake hawakumdanganya; hiyo ndiyo kanuni. Lakini sheria ya wageni ilirekebishwa mwaka 2023, na toka mwaka 2024 mfanyakazi mwenye ujuzi ambaye vyeti vyake vimetambuliwa, na ambaye kibali chake kimetolewa kwa msingi huo, hadaiwi tena ushahidi wa ukubwa wa nyumba anapowaita mke na watoto wake wadogo. Yule aliye bado katika mafunzo, au ambaye vyeti vyake havijatambuliwa, hayumo katika msamaha huo. Yawezekana basi kwamba mtu huyu amekuwa akitafuta kwa miezi mingi hati asiyodaiwa. Na akague kibali chake kimeandikwa kwa kifungu gani cha sheria, halafu aende mwenyewe kwenye ofisi ya wageni ya mji wake na kuuliza, asitegemee maneno ya mezani.

Hatusemi kwamba maadam hati haidaiwi watu watano wajibane katika chumba cha bweni. Bweni lenyewe halitawakubali. Tunasema kwamba kuanzia sasa aweza kutafuta nyumba iliyo ndogo kidogo kuliko ile aliyokuwa akiiota, na hapo mlango hupanuka.

Katika kutafuta, jambo la kwanza ni kuelewa bei inavyoandikwa. Wajerumani wana kodi mbili za nyumba ile ile: huita moja kodi baridi na nyingine kodi yenye joto. Kodi baridi ni ya kuta na paa tu. Kodi yenye joto ni pamoja na kupasha nyumba moto wakati wa baridi, maji, uzoaji wa taka na mengineyo ya jengo. Na umeme mara nyingi haumo hata hapo, kila mpangaji huuandikia mkataba wake. Mtu akiona tangazo la yuro 700 akashangilia, asome tena. Huenda ni baridi, na yenye joto ni 950. Tena fedha hizo za joto na maji ni makadirio. Mwaka ukiisha mwenye nyumba hupiga hesabu, na waliofungulia joto huku madirisha yakiwa wazi hupata barua ya kuongeza malipo. Tena vyumba huhesabiwa pamoja na sebule, bali jiko na bafu havihesabiwi: "vyumba vitatu" ni sebule na vyumba viwili vya kulala.

Amana ina mpaka katika sheria: isizidi kodi baridi ya miezi mitatu. Kwa nyumba ile ya 700 ni 2,100, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, fungu la kwanza likianza pamoja na upangaji. Mwenye nyumba hana budi kuiweka benki mbali na mali yake. Kuhusu madalali, tangu mwaka 2015 sheria yasema aliyemwagiza dalali ndiye amlipaye. Dalali aliyetumwa na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumdai mpangaji. Laiti sheria hiyo ingevuka bahari!

Hapa ndipo wezi walipo, na twaomba msomaji atusikilize vema. Tangazo huonyesha nyumba nzuri, katikati ya mji, kwa bei ya chini. Ukiandika, hujibiwa upesi kwa adabu nyingi: mwenye nyumba yuko nchi nyingine kikazi, hawezi kuja, lakini ukituma amana leo atakupelekea funguo kwa posta. Hakuna nyumba, hakuna funguo, na fedha hazirudi. Huwapata zaidi wale wanaotafuta wakiwa bado nyumbani Afrika, maana hawana awezaye kwenda kutazama. Asitume mtu hata senti kabla yeye, au mtu wake wa kuaminika, hajaingia ndani ya nyumba ile na kuusoma mkataba. Kwa sababu hiyo hiyo hatushauri jamaa nzima iondoke pamoja ikitumaini kupata nyumba ikifika. Watoto watatu katika hoteli hula akiba ya mwaka kwa mwezi mmoja.

Karatasi zitakiwazo kwa kawaida ni hizi: hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, nakala ya mkataba wa kazi, nakala ya pasi na kibali, barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hakuna kodi iliyobaki, na taarifa ya shirika liitwalo Schufa, ambalo huandika nani hulipa madeni yake na nani hukimbia. Aliyeingia nchini juzi hana historia huko, si nzuri wala mbaya, na mwenye nyumba huogopa ukurasa mtupu. Dawa yake ni barua ya mwajiri. Hospitali zinawahitaji wauguzi mno, na nyingine zina nyumba za wafanyakazi au hufahamiana na wenye nyumba wa mtaani. Lakini asiyeomba haandikiwi. Wengi wetu twaona haya kumwendea mkubwa wa kazi kwa jambo la nyumbani. Haya hiyo yagharimu. Wenye nyumba pia hupenda kodi isizidi theluthi ya mshahara uliobaki baada ya makato. Mwenye kupokea 2,400 akiomba nyumba ya 1,200 jalada lake huenda lisifunguliwe.

Posho ya watoto nayo yafaa kutiwa katika hesabu hiyo. Mwaka 2025 ilikuwa yuro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi, nayo huanza baada ya watoto kufika na kuombewa.

Sasa swali la dhamiri, ambalo tumelisikia zaidi ya mara moja. Mtu huambiwa na rafiki zake: "Usiseme una watoto watatu, sema mmoja, ukishapata mkataba walete wote." Shauri hili latokana na uchungu, maana ni kweli wapo wenye nyumba wanaozikimbia kelele za watoto. Lakini ni shauri baya, hata ukiacha kwamba ni uongo. Sheria ya kule ni njema kuliko wengi wanavyodhani: mpangaji ana haki ya kukaa na mke wake na watoto wake bila kuomba ruhusa, ilimradi ampe mwenye nyumba habari na nyumba isijae kupita kiasi. Anayeficha huanza maisha ya jamaa yake na jirani aliyekasirika. Na yapo maswali ambayo mwenye nyumba hana haki ya kuyauliza, kama dini ya mtu, au kama mkewe ni mjamzito. Tena sheria ya mwaka 2006 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya asili yake. Hatutaki kumdanganya msomaji: sheria iko, na bado wapo walioambiwa kwa simu kwamba nyumba imekwisha kuchukuliwa, mara tu walipotaja jina. Aliyeonewa hivyo aandike siku, saa na maneno, apeleke kwa washauri. Uchungu usioandikwa hausaidii kitu.

Lililo gumu zaidi kwetu ni ndugu. Haki ile ya mke na watoto haiwafikii kaka, shemeji wala binamu. Mgeni wa majuma machache ni ruhusa, lakini ndugu ajaye kukaa, mwenye nyumba lazima aombwe. Sisi tumelelewa katika nyumba ambazo mlango haukumwuliza mtu atakaa siku ngapi, ingawa wazee walikuwa na methali yao ya jembe la siku ya tatu. Mwanamume aliyepata nyumba Ujerumani baada ya mwaka wa kutafuta, kisha akamwambia binamu yake "siwezi kukupokea kwa miezi sita", ataitwa mchoyo toka Songea mpaka Bukoba. Twasema asiitwe hivyo. Analinda paa la watoto wake, na akilipoteza hata binamu hatakuwa na pa kufikia.

Nyumba ikipatikana, jambo moja huwashtua wote: mara nyingi ni tupu kabisa. Hakuna jiko la kupikia, hakuna sinki, na darini huning'inia nyaya bila taa. Aliyehama aliondoka navyo, kwa kuwa vilikuwa vyake. Wakati mwingine humwuzia ajaye baada yake. Bei na ijadiliwe kabla ya kutia sahihi. Siku ya kukabidhiwa funguo waandike pamoja hali ya kila chumba na namba za mita za maji, umeme na joto, wapige na picha. Doa lisiloandikwa siku ya kuingia huwa lako siku ya kutoka, nalo hukatwa katika amana. Na ndani ya majuma mawili tangu kuhamia, kila mtu wa nyumba aandikishwe ofisini pamoja na hati ya mwenye nyumba kwamba kweli wanakaa hapo. Kisha ije barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba tangu 2021, hata kama hawana televisheni. Wasidhani ni wezi.

Madirisha yafunguliwe wazi mara kadhaa kwa siku kwa dakika chache, hata kukiwa na theluji, la sivyo ukungu mweusi hupanda ukutani. Usiku baada ya saa nne, na Jumapili mchana kutwa, pawe kimya.

Tusimwache msomaji akidhani kwamba shida hii ni ya Mwafrika peke yake. Katika miaka ya 1860, mfanyabiashara Mkatoliki wa Limburg, Peter Paul Cahensly, alipokuwa katika bandari ya Le Havre, Ufaransa, aliwaona Wajerumani wenzake, jamaa kwa jamaa, wakingojea meli za Marekani. Walikuwa wakilala vibaya na kunyang'anywa akiba yao na wenye nyumba za wageni. Mwaka 1871 alianzisha chama cha kuwasaidia, akakipa jina la Malaika Mkuu Rafaeli, aliyemsindikiza kijana Tobia safarini. Wajukuu wa wasafiri wale leo ni Wamarekani, na wajukuu wa waliobaki ndio wenye nyumba tunaowabishia hodi. Shirika la Caritas, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1897, lina ofisi katika miji mingi ambako mhamiaji hupata ushauri bila malipo, awe Mkatoliki au asiwe. Hata kujaza fomu na kusoma mkataba hufanywa pamoja naye.

Nasi tungemshauri baba huyu apeleke macho nje ya mji. Mji mdogo wenye kituo cha treni, nusu saa kutoka hospitalini, mara nyingi una nyumba na kodi iliyo chini. Ajiandikishe pia katika vyama vya ushirika vya nyumba na makampuni ya nyumba ya manispaa mapema, maana foleni zao ni ndefu. Ushirika humtaka mtu anunue hisa, ambazo hurudishiwa akitoka. Akishapata kwa kuanzia vyumba vitatu vidogo, avichukue. Kuna watu waliokataa nyumba nne wakingoja ile nzuri ya tano, na watoto wakakua kwa simu.

Na wewe mama, una kazi ya kufanya huku. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwe vya RITA, na majina yaandikwe sawasawa na ya pasi, herufi kwa herufi. Cheti cha ubatizo tutakuandikia kwa furaha, lakini ubalozi hautakipokea mahali pa kile cha serikali. Kisha Jumapili hii, simu itakapolia, muulize mumeo mambo matatu: kibali chake ni cha kifungu gani, je amekwisha kwenda kwa mkubwa wa wafanyakazi wa hospitali kuomba barua, na je jina lake limo katika foleni ya ushirika wowote. Muulize kama mwenzake katika kutafuta, si kama hakimu. Ukipata majibu utuandikie tena, na kama liko neno la Kijerumani lisiloeleweka katika karatasi zake, litume pamoja na barua. Tunaye padre jirani aliyesoma kule, naye amekubali kutusomea.